Bibi ameshindwa kuchora saa. Ana demensia?

SWALI: Shikamoo daktari. Nahudumia wazee kwenye makazi ya kulelea wazee, Temeke. Tumewapima kumbukumbu kwa fomu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Bibi mmoja wa miaka 78, hakusoma, kapata 13 kati ya 30, na saa kashindwa kuichora. Lakini yeye ndiye anayetukumbusha nani hajanywa dawa. Tumwandike ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu?
Mhudumu, Temeke

JIBU: Marahaba. Msimwandike. Fomu za alama 30 zinadai kusoma, kuandika na kutoa hesabu kichwani. Asiyewahi kushika kalamu anapoteza alama nyingi hata akili yake ikiwa timamu.

Na hiyo saa, kagueni tafsiri. Fomu nyingi hutaka mshale mfupi kwenye 11 na mrefu kwenye 2. Kwetu hiyo ni saa tano na dakika kumi. Mfasiri akiandika "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee ataweka mshale mfupi kwenye 5, sawasawa kabisa, kisha atanyimwa alama!

Kipimo kinachowafaa ni IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Kina alama 15, hakuna kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni nini, leo siku gani, anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa awali, na anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Alama 7 kushuka chini, mpelekeni kwa daktari. Kipimo peke yake hakithibitishi ugonjwa.

Mpimeni asubuhi, ameshakunywa chai, chumba kimetulia, miwani machoni, nta ya masikio imeshaangaliwa. Wenzake wasikae karibu, watamjibia.

Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo kachanganyikiwa ghafla hapimwi kumbukumbu. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka au upungufu wa maji. Angalieni na dawa zake. Klofeniramini ya mafua na amitriptilini ya sonona huvuruga kumbukumbu za wazee. Huzuni kubwa nayo hufanana na usahaulifu.

Kwenye faili la bibi andikeni anachoweza leo: kuoga, kuvaa, kuhesabu chenji, kutaja majina ya wenzake. Baada ya miezi sita linganisheni. Akiwa amepungukiwa, daktari atayahitaji maandishi hayo, pamoja na ndugu anayemfahamu tangu zamani.