Malazi Mji Mkongwe na mitego ya bandarini

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitavuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja pamoja na mama yangu, na hatuna mwenyeji huko. Tufikie mtaa gani, na tujihadhari na nini? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa unasafiri na mzazi, ningependa mfikie Shangani, karibu na Forodhani, ambako watu hupita hadi usiku na teksi hufika jirani na nyumba nyingi za wageni. Kiponda pana nyumba nzuri pia, lakini vichochoro vyake havipitishi gari, na mgeni mwenye mizigo hupotea upesi giza likiingia.

Tiketi ya boti inunueni kwenye dirisha la kampuni yenyewe, si kwa mtu anayewafuata barabarani. Mkishuka bandarini Malindi, hapo hapo Unguja, mtakutana na papasi, yaani madalali wa wageni, na baadhi yao huwaambia wageni kwamba nyumba waliyoiwekea nafasi imejaa, ili wawapeleke kwingine wanakolipwa kamisheni, ambayo mwishoni huingizwa katika bei ya chumba. Mpigieni simu mwenye nyumba kabla ya kupanda boti, naye aeleze nani atawapokea.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni malipo ya awali kwa simu, kwani tapeli huweza kutumia picha za nyumba isiyo yake. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza. Lisipolingana na la nyumba au la mwenyewe uliyezungumza naye, usitume hata shilingi.