Re: Stensili inavuja rangi kwenye ukuta wenye mikwaruzo

Mkuu, hilo ulilouliza la rangi kupenya chini ya stensili (kile kibao chembamba chenye matundu ya kuchorea maumbo ukutani) na maua kutoka na ndevu ndevu, mara nyingi tatizo ni wingi wa rangi wala sio stensili. Ukuta wa mikwaruzo, yaani ule usio laini, una vibonde, stensili hailali vizuri, sasa ukija na brashi iliyolowa rangi inakimbilia humo humo. Chovya ncha tu, halafu igongegonge kwenye kitambaa mpaka uone kama vile imekauka kabisa, ndo uanze kugonga ukutani moja kwa moja, usiburuze kama unapaka mlango. Itatoka hafifu, usipaniki, rudia mara mbili tatu. Rola ya sponji nayo inafaa ila usiikandamize, ukiikandamiza tu imekula kwako.

Stensili chukua ya plastiki laini inayokunjika, na tepu peke yake haitoshi, pulizia nyuma gundi ile ya kubandika na kubandua. Kuna ujanja mwingine naupenda sana, ukishabandika pitisha kwanza rangi ile ile ya ukuta kidogo pembeni mwa matundu, ikikauka inaziba nafasi, ndo uweke rangi ya maua.

Michoro yenye vijimstari vyembamba achana nayo, hapo chagua maumbo makubwa. Kasoro ndogo rekebisha na kabrashi kembamba. Ila kama mikwaruzo ni ile iliyochomoza sana ya kuchubua kiwiko, piga msasa au skimu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) hapo kwanza, vinginevyo utalia tu.