Kuangalia ndege kwa baiskeli wakati wa theluji: kazi iko kwenye kusimama

Nimekulia Tanga, kwenye baiskeli, na huu ni msimu wangu wa sita wa baridi hapa Minneapolis, Marekani. Kila Januari ndugu zetu wa hapa huniuliza swali lilelile: hivi juu ya baiskeli husikii baridi? Nawajibu kwamba ukiendesha, joto lipo. Dakika kumi za kukanyaga pedeli zinatosha kuuchemsha mwili. Baridi inakungoja pale utakaposimama, na ndege hatazamwi kwa kupita. Lazima ushuke, utulie, pengine kwa nusu saa nzima.

Msimu wa kwanza sikulijua hilo. Nilivaa fulana ya pamba, masweta mawili na koti zito, nikafika mtoni nimelowa jasho. Juu ya mti kulikuwa na tai wawili, nikasahau saa. Nilipotaka kuondoka, vidole havikuweza kubana breki. Niliikokota baiskeli hadi kwenye duka lenye joto, meno yakigongana, na ncha za vidole viwili zikiwa nyeupe kama nta. Zilipona, alhamdulillahi, ila mpaka leo vidole hivyo ndivyo vinavyotangulia kuuma. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe na haina hisia, usiisugue wala usiiweke kwenye maji ya moto. Tia mkono kwapani, ndani ya nguo, nenda mahali penye joto, na hisia zisiporudi nenda hospitali.

Tangu siku ile natoka nyumbani nikisikia baridi kidogo. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza: ukitoka mlangoni una joto la kukutosha, umezidisha nguo. Ndani navaa fulana ya sufu, maana pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Juu yake sweta jepesi, kisha jaketi la kuzuia upepo. Koti nene la manyoya ya bata linakaa kwenye keria, limefungwa kwa mpira. Nikisimama nalivaa kwanza, kabla hata sijagusa darubini, na nikitaka kuondoka nalivua. Inachosha kuvaa na kuvua mara tano asubuhi moja, lakini jasho ndilo adui mkubwa, kuliko theluji yenyewe.

Mikononi navaa glovu nyembamba, na juu yake zile nene ambazo vidole vinne vinakaa pamoja. Uso nao usiusahau. Nyuzi joto zikiwa -15 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi inaumia kama vile ni -24, na mwendo wa baiskeli wenyewe ni upepo. Zikishuka chini ya -20 nabaki nyumbani, na sioni aibu.

Darubini iache nje ya koti, iwe na ubaridi uleule wa hewa. Ukiinyanyua, ziba pumzi. Pumzi moja tu ikigusa kioo inaganda palepale, inakuwa ukungu mweupe usiofutika, na ndege wako ameshaondoka. Ukirudi nyumbani itie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge kabla ya kuingia ndani, uiache humo saa moja au mbili ipate joto taratibu.

Kuhusu baiskeli, nitasema machache. Tumia ya zamani, yenye gia chache, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani inakula chuma. Weka tairi zenye misumari midogo, hasa ya mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza unaanguka kabla hujajua. Punguza upepo kidogo kwenye tairi. Na usiilaze sebuleni: theluji inayeyuka, maji yanaingia kwenye gia na nyaya za breki, na kesho ukitoka nje yanaganda. Yangu inalala kwenye banda lisilo na joto.

Sasa ndege wenyewe. Watu hudhani wameondoka wote. Mbayuwayu wameondoka kweli, lakini waliobaki ni rahisi kuwapata, kwa sababu maziwa yakishafunga barafu, ndege wa majini hawana budi kukusanyika panapotiririka maji. Hapo ndipo baiskeli inapolishinda gari: unapita sehemu nne tano za mto kwa asubuhi moja, unasimama popote, na masikio yako wazi. Mimi hufuata Midtown Greenway, njia ya baiskeli iliyojengwa kwenye reli ya zamani, ambayo huondolewa theluji, hadi Mississippi. Halafu nashuka na kingo za mto kuelekea kusini mpaka bwawa la Ford, karibu na maporomoko ya Minnehaha. Chini ya bwawa maji hayagandi upesi. Utakuta bata wa vichwa vya kijani, bata wenye macho ya njano wanaozama kutafuta chakula, na tai wa kichwa cheupe, ambaye kwa mbali mtu wa kwetu atamdhani furukombe.

Ninayempenda kuliko wote, hata hivyo, ni chikadii. Ana uzito wa gramu kama 11 tu na kofia nyeusi kichwani, na jina lake ni mlio wake: chika-dii-dii. Akiona hatari, zile “dii” zinaongezeka kadiri adui alivyo wa kuogopwa. Juzi mmoja alitua hatua mbili kutoka kwenye usukani wangu. Alikuwa na mbegu ya alizeti, akaibana kwenye tawi kwa vidole vya miguu yake, akaigonga kwa mdomo mpaka ganda likapasuka. Manyoya yalikuwa yamefutuka, amekuwa mviringo kama limau. Usiku hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hivi ili akiba yake ya mafuta imfikishe asubuhi.

Ndiyo maana nasisitiza: usimkurupushe ndege wakati wa baridi. Kila anaporuka bure anachoma akiba hiyo. Acha kukanyaga pedeli mapema, maana tairi kwenye theluji kavu lina kelele, kisha sogea kwa miguu, polepole. Kwa bundi kaa mbali zaidi. Kwetu bundi akilia tunamfukuza kama ndege wa uchuro. Hapa anasumbuliwa kwa kupendwa, watu wanamzingira na kamera. Akikukodolea macho tu, ujue umeshamkaribia mno, rudi nyuma. Na usitangaze alipo.

Huhitaji kudamka. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Kama unataka kuanza na wenzako, kuna sensa ya ndege ya Krismasi, iliyoanzishwa na Frank Chapman mwaka 1900 badala ya mashindano ya kuwawinda. Hufanyika kati ya Desemba 14 na Januari 5, na wageni hupangwa pamoja na wazoefu. Mimi huomba kipande cha mto. Nabeba chupa ya chai ya tangawizi, penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino unaganda, na daftari dogo ninaloweza kulishika bila kuvua glovu za ndani.