Tazama Mkono wa Mwenzako Kwanza

Chesi nilifundishwa na mwalimu wa hisabati nikiwa kidato cha pili, lakini somo lake kubwa nilikuwa nimeshalipata barazani kwa mjomba wangu Mikindani, kwenye bao la kete. Alikuwa ananiacha nile, nifurahi, kisha ananamua, yaani anaingiza, kete moja tu na nyumba yangu yote inakwenda. "Mjomba," ananiambia, "umeutazama mkono wako, wangu hukuutazama."

Siku hizi Jumamosi jioni nacheza chesi na vijana hapa Shangani, Mtwara. Msimu wa korosho tunabaki wachache, miezi mingine mbao za kuchezea hazitoshi. Wengi wao wanajua kila kete inavyotembea, na wamekariri kwenye simu hatua nane, tisa za ufunguzi. Mwenzao akitoka nje ya walichokariri, mchezo unaharibika. Nimewatazama muda mrefu, na naamini kinachowaangusha si ufunguzi. Hawajiulizi, kila mwenzao anapoweka kete: hii imekuja kufanya nini hapa?

Chukua mchezo huu; herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo, kuhesabu kutoka upande wa kete nyeupe. Mweupe, mwenye kete nyeupe, anasukuma askari e4, wewe e5. Anatoa malkia mpaka h5, anamtisha askari wako. Unamlinda kwa farasi c6, vizuri kabisa. Anatoa askofu c4. Hapo macho yako yanamwona malkia tu, mkono unakwenda kwa farasi wa pili, unamweka f6 ili malkia akimbie. Hakimbii. Anakula f7, na mfalme wako hawezi kumla kwa sababu askofu yule wa c4 anamlinda kutoka mbali. Umefungwa kwa hatua nne. Nilifungwa hivyo mbele ya darasa zima, vidole vyangu vikiwa bado havijatoka vizuri kwenye farasi.

Ungejiuliza askofu amefuata nini c4, ungesukuma askari g6. Malkia akirudi f3, bado anaitaka f7, ndipo farasi anakwenda f6 na kumzibia njia. Sasa hesabu: malkia wake ametembea mara mbili bila faida, wewe farasi wako wawili wako kazini, na kwa hatua mbili zaidi, askofu g7 kisha ngome, yaani mfalme anasogea nyumba mbili kuelekea mnara na mnara unavuka upande wake wa pili, mfalme wako amejificha.

Thamani za kete mnazijua: askari 1, farasi na askofu 3, mnara 5, malkia 9. Lakini farasi aliyekaa pembeni kabisa kwenye kona ana nyumba 2 tu za kurukia, katikati ana 8. Kwa hiyo ukishahakikisha hutishwi na hujui ucheze nini, tafuta kete yako iliyolala kuliko zote, uiamshe. Wengine huanza kutafuta shambulizi wakati minara yao miwili haijasogea.

Na jifunzeni mwisho wa mchezo, hata kama hauna mbwembwe. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri watu waanzie huko, nami nakubaliana naye kwa moyo wote. Kete zikiwa chache, mfalme si wa kufichwa tena. Anatakiwa atangulie, askari afuate nyuma.

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alikuwa na mfalme d5 na askari e4, mimi nimebaki na mfalme peke yake e7. Zamu yake. Akasukuma askari e5 harakaharaka, nikaingia d7, na baada ya hapo hakuna alichoweza kufanya. Sare. Angemtanguliza mfalme e5, akanikabili uso kwa uso, ningelazimika kupisha, na askari wake angefika mwisho akawa malkia.

"Kaka, tupange tena," akasema. Tukapanga. Akakosea tena, safari hii kwa kumrudisha mfalme nyuma. Tukapanga mara ya tatu, giza limeshaingia na mtu anatumulika kwa simu. Mkono wake ukaenda juu ya askari, ukasimama hapohapo. Akamtazama mfalme wangu kwa muda. Kisha akamshika wa kwake, akamweka e5.