Maswali ya Wasomaji: Tuna cheti cha NGO, mbona tunadaiwa ritani?

Shikamoo mzee. Mimi ni mweka hazina wa kituo cha watoto huku Mbagala. Jioni tunawafundisha watoto ambao wazazi wao hawamudu tuisheni. Tuna cheti cha NGO tangu 2021. Mwezi uliopita tumeletewa barua ya TRA, Mamlaka ya Mapato, inayotaka ritani za miaka mitatu, yaani taarifa za mapato na kodi za kila mwaka. Mwenyekiti anasema tuitie kwenye droo, kwa kuwa hatufanyi biashara wala hatugawani faida. Tuna walimu sita, kila mmoja tunampa posho ya shilingi 350,000 kwa mwezi. Mbele ya kituo tuna fremu mbili, moja kapanga fundi simu, nyingine wakala wa pesa. Je, tunadaiwa kweli?
Mweka hazina, Mbagala

Marahaba mwanangu. Itoe hiyo barua kwenye droo leo hii.

Mwenyekiti wako namjua ingawa sijawahi kumwona. Nilipokuwa na ofisi Kariakoo, ghorofa ya tatu bila lifti, wenzake walinipandia kila Juni wakihema, cheti mkononi kimepigwa laminesheni. Cheti hicho hutolewa na Msajili wa NGOs chini ya sheria ya mwaka 2002, na kinasema jambo moja tu: mpo kihalali. Mambo ya kodi yana mlango mwingine, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 64. Ili muhesabiwe kuwa taasisi ya hisani, lazima Kamishna Mkuu wa TRA awape uamuzi wa maandishi, nao uwe bado hai. Bila karatasi hiyo mnahesabiwa kama kampuni yoyote ya mjini, asilimia 30.

Sasa fungua katiba yenu, ukurasa wa malengo. Nabashiri nitakayoyakuta: elimu, mazingira, ujasiriamali, michezo, utamaduni, halafu mwishoni "na shughuli nyingine zozote zitakazoonekana zinafaa". Nimebashiri kwa sababu katiba hiyo hiyo imezunguka steshenari zote za mji huu. Niliwahi kusoma ya kituo cha Kigamboni ambamo jina la kituo cha Tabata walikonakili lilikuwa bado limo, mara mbili. Nilicheka, lakini waliomba uamuzi wa Kamishna wakakwama, na hawakukwamishwa na jina. Kifungu cha 64 kinataka taasisi iliyoanzishwa, na inayofanya kazi, kwa ajili ya mambo machache *pekee*: kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, kutoa huduma za afya, elimu, maji au barabara kwa umma. Ninyi kwa matendo mpo ndani kabisa. Ila ofisa hasomi matendo kwanza, anaanza na katiba, na neno "pekee" halikai nyumba moja na "shughuli nyingine zozote". Iteni mkutano, punguzeni malengo, mabadiliko yapelekeni kwa Msajili, kisha ndipo muombe uamuzi.

Mkiupata, msidhani ritani zimekwisha. Misaada na mapato mengine bado mtayaandika. Kinachobadilika ni hesabu: mnachokitumia kwa ajili ya watoto kinatolewa, na juu yake inatolewa robo ya mapato ya shughuli zenu na vitegauchumi vyenu. Kituo kinachotumia fedha zake vizuri hubaki na kidogo cha kutozwa, au hakuna kabisa. Kodi ya pango ya zile fremu ni mapato, tena iandikieni daftari lake. Isichanganywe na sadaka ya mfadhili hata kama zote zinaingia akaunti moja.

Mtego mmoja huwanasa wengi. Mfadhili anatuma fedha za darasa mwezi wa Novemba, ujenzi unaanza Machi, hesabu za mwaka zinafungwa fedha zikiwa benki. Fedha hizo zitaonekana hazijatumika. Sheria inaruhusu kumwomba Kamishna azichukulie kuwa zimetumika, mradi muwe na mpango wenye maelezo kamili na mmeshajifunga kuutekeleza. Ombeni mapema.

Posho. Mkiwalipa kila mwezi kiasi kile kile, huo ni mshahara, uite utakavyo. Chukua 350,000, toa asilimia 10 ya mwalimu ya NSSF, inabaki 315,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazina kodi, na 45,000 inayozidi inatozwa asilimia 8. Basi PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ya kila mwalimu ni shilingi 3,600. Mwenyekiti anakosa usingizi kwa 3,600! Ninyi waajiri mtaongeza 35,000 za NSSF na nusu asilimia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 1,750. PAYE ilipwe kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Tozo ya ufundi stadi haiwagusi, maana tangu 2021 huanzia wafanyakazi kumi.

Barua mjibuni kwa maandishi, mkiambatanisha cheti na katiba, na muombe muda wa kuandaa ritani. Adhabu ya kuchelewesha ritani inahesabiwa kwa kila mwezi, kwa hiyo droo ya mwenyekiti ina gharama. Wakishawatumia makadirio msiyokubaliana nayo, mna siku 30 za kuweka pingamizi.

Sisi ni majirani 25 wa Sinza. Tunachangiana misiba na kukopeshana. Kuna kijana anataka laki nne atusajilie NGO. Tumpe?
Msomaji, Sinza

Msimpe. NGO ni ya kunufaisha umma, ninyi mnanufaishana wenyewe, na wala si kosa. Kwa kuwa mnakopeshana, mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na usajili wake uko halmashauri. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, na mwende na orodha ya wanachama na katiba. Hiyo katiba iandikeni wenyewe, tafadhali.