Maswali ya Wasomaji: Wajane Walioitwa Mbele na Hawakupita

SWALI

Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika mmoja wa Kigoma mjini. Kila Desemba, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, tunasoma majina ya wajane na wazee wasiojiweza baada ya ibada, na kila mmoja hupita mbele kupokea unga kilo 10, kidumu cha mawese na sabuni ya mche. Mwaka jana tuliandika watu 34, lakini waliopita mbele walikuwa 21 tu. Baadhi ya wazee wa kanisa wanasema kwamba wale 13 hawana shida, kwa hiyo wafutwe. Wapo pia washarika wanaonung'unika kwa sababu daftari letu lina majirani wawili Waislamu. Na wenzetu wa usharika rafiki huko Ujerumani, ambao hutuchangia, wanaomba picha za wapokeaji. Tufanyeje?
Katibu wa Kamati, Kigoma

JIBU

Ndugu Katibu, Amina. Nakuomba usifute jina hata moja kabla kamati haijafika kwenye nyumba za hao 13.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati kama yenu, katika kanisa moja la Tabora, nasi tulikuwa tukisoma majina kwa kipaza sauti na kujiona tunafanya mambo kwa uwazi. Mama mmoja aliitwa mara mbili na hakusimama. Siku ya tatu, jioni, alikuja nyumbani kwangu akiwa na ndoo tupu kichwani, ameifunika kwa kanga, akaniomba nimpimie unga humo humo ndani ya ndoo ili majirani wadhani anatoka kisimani. Sikuwa na cha kumpimia, kwa kuwa sehemu yake tulikuwa tumekwisha kumpa mtu mwingine siku ile ile. Asiyepita mbele, basi, huenda hana shida, na huenda ana shida pamoja na aibu. Kutoka madhabahuni huwezi kumtofautisha.

Tatizo lenu ni la kale kuliko usharika wenu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, kanisa la Yerusalemu lilipata manung'uniko kuhusu wajane waliokuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume waliyajibu kwa kuwaagiza waumini wachague watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Tazama majina ya hao saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao: yote ni ya Kiyunani, na walionung'unika walikuwa Wayahudi wa Kiyunani. Kwa maneno mengine, dhamana ilitiwa mikononi mwa watu walioyajua malalamiko kwa karibu. Kamati yenu ina wajane wangapi? Kama ni wanaume watupu wenye ajira, anzeni kulirekebisha hilo kabla ya kugusa daftari.

Daftari lenyewe lipitiwe angalau mara mbili kwa mwaka, na wanaolipitia wawe watu wawili wawili, mmojawapo mwanamke, wakishirikiana na viongozi wa jumuiya na mwenyekiti wa mtaa, ambaye mara nyingi anafahamu ni kaya zipi zimo tayari katika mpango wa TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, na zipi zimeachwa. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, aliweka umri wa miaka 60 kwa mjane wa kuandikwa, akataka pia watoto na wajukuu wawatunze wazazi wao kwanza ili kanisa lisilemewe. Umri huo huo umo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyotaka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nimeona bibi aliyepewa unga Krismasi tatu mfululizo huku akinunua dawa za shinikizo la damu kwa kukopa, kwa sababu hakuwapo mtu wa kumsindikiza kwenye ofisi ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii akaandikishwe. Safari hiyo ya asubuhi moja ingemfaa kuliko kilo 10.

Liangalieni na suala la wakati. Desemba kila mtu anakumbuka kutoa. Lakini Kigoma unajua jinsi jiko la mwanamke anayeanika dagaa linavyopoa mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa wavuvi wa taa hawaingii ziwani. Na mwaka 2024, Serikali ilipositisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wanawake wengi wa aina hiyo walikaa miezi mitatu bila mtaji. Januari nayo ina lake: shule za Serikali hazitozi ada, ila sare, viatu na madaftari havijifanyi vyenyewe, na bibi anayelea wajukuu wanne ndiye anayeulizwa. Gaweni fungu lenu katika vipindi hivyo hata kama Krismasi itapungukiwa na shamrashamra.

Kuhusu majirani Waislamu, jibu langu ni fupi. Kama mtoaji alitaja kwamba sadaka yake ni ya washarika, iheshimuni nia yake. Kama hakutaja, kipimo ni shida ya mtu. Mashirika ya kikanisa yenyewe yalikwisha kulikubali hilo: katika kanuni za maadili ya misaada ya dharura za mwaka 1994, Caritas, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni walikuwa miongoni mwa waliozidhamini, na kanuni hizo zinataka msaada utolewe bila kujali imani wala kutumiwa kuendeleza msimamo wa dini fulani. Hapa kwetu magharibi, TCRS, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1964, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa kuwahudumia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 kule Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Na nyinyi mnaokaa jirani na Ujiji, kwenye Waislamu wengi, mnajua kwamba sahani ya futari inapovuka ua haiulizi cheti cha ubatizo.

Kuhusu picha, msitume za nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahitaji ridhaa ya mhusika, na mjane anayesubiri unga mkononi mwako hana uhuru wa kukukatalia. Wenzenu wa Ujerumani hawatashangaa, maana tangu 2018 wao wenyewe wanaishi chini ya sheria ya Ulaya ya namna hiyo. Watumieni picha ya magunia yakiwa stoo, stakabadhi za manunuzi, na jumla ya kaya zilizohudumiwa, ikiwa imetiwa saini na mtu asiye wa kamati. Daftari lenye majina na dole gumba libaki kabatini, likaguliwe na mkaguzi wa usharika.

Nendeni kwa hao 13 siku ya kazi, saa za mchana, wawili wawili, bila sare ya kwaya wala simu iliyoinuliwa. Kaeni, mpokee maji mkikaribishwa, muulize nani anakaa ndani na nani anaumwa, ndipo muulize kuhusu unga. Na mkiuacha, uwe ndani ya kikapu cha sokoni kama kile ambacho jirani yeyote angekuja nacho.