Barua kwa mwanangu: fizikia umemaliza, sasa uinjinia

Mama,

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliniuliza: "Baba, hii shahada ya fizikia inaweza kunifanya injinia, au nianze upya miaka minne?" Nimekaa na swali lako siku tatu.

Nianze na lililo chungu. Kwa jina, haiwezi. Ipo Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka shahada ya uhandisi inayoitambua. Hata mwenye nayo haachiwi hivihivi: anapita mafunzo chini ya wahandisi wazoefu, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Wewe bila usajili huwezi kugonga muhuri kwenye mchoro, hata uujue umeme namna gani. Na shangazi zako wakianza kukuandika "Injinia" kwenye kadi za harusi, wakatalie.

Sasa kazi yenyewe. Unakumbuka nilivyokuwa narudi nyumbani masikio yanavuma? Kuna msimu mtambo wetu mmoja wa umeme wa maji uliendeshwa kwa mzigo mdogo, ukaanza kutoa mlio kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Dawa niliijua: pandisha mzigo, upite pale pabaya, kelele inatulia. Sababu sikuijua. Alikuwepo kijana wa mafunzo kwa vitendo, mtu wa fizikia kama wewe. Akachukua chaki, akanichorea sakafuni. Presha ya maji ikishuka mno kwenye mapanga ya tabaini yanayozungushwa na maji, maji yanachemka bila moto na kutoa viputo vya mvuke. Viputo vikisogea penye presha kubwa vinabomokea ndani kwa kishindo, na kila kimoja kinadonoa chuma. Tulipofungua mtambo kwa matengenezo nikapitisha kidole: chuma kilikuwa na vishimo kama maandazi yaliyoumuka vibaya.

Nilimheshimu sana yule kijana. Lakini nilipomuuliza, "Haya, tuchomelee sasa au tuendeshe mpaka kiangazi?" akanyamaza. Hakujua vipuri vinachukua muda gani kufika, wala chuma kile kinakubali elektrodi gani, wala nani atabeba mzigo wetu tukizima. Hakuwa mjinga. Hakuna mtihani aliowahi kufanya uliomuuliza hayo, na wewe nadhani hukuulizwa pia.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za William Thomson, yule profesa wa fizikia wa Glasgow. Waya wa telegrafu chini ya Atlantiki mwaka 1858 ulikufa ndani ya wiki chache, baada ya mtu mwingine kuusukumia volti kama 2,000, wakati Thomson alitaka mkondo mdogo na kipimo chepesi cha kuusoma. Ulipenda hesabu zake. Mimi nilichokishika ni kwamba alipanda meli, na mwaka 1866 alikuwemo ndani ya Great Eastern ulipotandazwa waya uliofanikiwa.

Zipo sehemu ambako fizikia yako inapokelewa kama ilivyo, au kwa nyongeza kidogo: ulinzi wa mionzi, kama kwenye Tume ya Nguvu za Atomu, maabara za ugezi, kule wanakohakiki mizani na vipimo, mashine za mionzi za hospitali, japo hiyo inataka kusoma zaidi, utafutaji wa maji na madini chini ya ardhi. Kwenye sola nako wanahitaji mtu anayeelewa kwa nini paneli ikipata joto volti inashuka. Na ukishawishika na shahada ya uzamili ya uhandisi inayopokea watu wa fizikia, waandikie Bodi kwanza uwaulize kama wataihesabu. Jibu liwe kwenye karatasi kabla ada haijatoka mfukoni mwangu.

Maoni yangu: usirudi darasani mwaka huu. Tafuta kampuni ya kufunga sola au kitengo cha matengenezo kiwandani, uingie hata kama msaidizi, kwa miezi sita au mwaka. Jifunze kusoma michoro ya watu wengine. Ukiona kinachokukereka ni kwamba maamuzi yanasubiri sahihi ya mtu mwingine, nenda kasome hiyo miaka minne, nami nitauza kiwanja cha Kihonda. Ukiona unafurahia kazi bila sahihi, kiwanja kibaki.

Nasema hivi nikiwa na langu moyoni. Nilikaa fundi sanifu miaka 31. Mainjinia vijana niliwafundisha mimi, halafu wao wakasaini. Nafasi ya kusoma niliipata nikiwa na miaka 34, nikaona aibu kukaa dawati moja na watoto. Mama yako alinisema wiki nzima, na alikuwa sahihi. Kwa hiyo mjomba wako akikutania "mwalimu, mwalimu" kwa kuwa umesoma fizikia, mwache. Lakini usiende wala usibaki kwa sababu yake.

Multimita yangu nakutumia kwa basi la Ijumaa, pamoja na bisibisi. Fyuzi ya upande wa ampea 10 imeungua. Nunua nyingine ya aina ileile kabla hujapima mkondo wowote, na usije ukafunga kipande cha waya mahali pake.

Baba yako,
Morogoro